Mwanangu anatapika sana, mtoto wa kitanda cha pili hatapiki. Kwa nini?

Mama mmoja wa Arua ameniandikia hivi:

"Habari sista. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Ana saratani ya Burkitt kwenye taya na ameshapata kemo mara mbili Kampala. Mara ya kwanza dripu iliisha asubuhi, jioni akala posho na mukene (dagaa) vizuri tu, usiku akatapika mpaka nyongo. Mama mkwe anasema mukene ndio waliomdhuru. Mara ya pili alianza kutapika ndani ya basi tulipofika Kawempe, hospitali hata hatujaiona. Mtoto wa kitanda cha pili, wa miaka 2, alitundikiwa dripu siku hiyohiyo na alikuwa anacheza. Je, mwanangu ni dhaifu kuliko wenzake? Baba yake anasema tumpumzishe, tuache mzunguko wa tatu. Nifanye nini?"

Mama, naanza na mukene kwa sababu nahisi ndio waliokunyima usingizi. Mukene hawana kosa, na wewe huna kosa. Katika dawa ambazo watoto wenye Burkitt hupewa sana hapa kwetu, inayotapisha zaidi ni siklofosfamidi, nayo ina tabia yake: haitapishi papo hapo. Hutulia mwilini saa nyingi, mara nyingi kati ya 8 na 12, ndipo tumbo lianze kuchafuka, na hali hiyo inaweza kuendelea mpaka kesho yake na zaidi. Dripu ikiisha saa nne asubuhi, hesabu mwenyewe: mtoto anaanza kutapika saa mbili au saa tatu usiku, yaani punde tu baada ya chakula cha jioni. Katika miaka yangu ya kuuguza watoto wenye saratani nimeona ndugu wakigombana kitandani kwa mgonjwa juu ya sahani ya maharage, mmoja akimlaumu mwenzake, na dawa iliyoingia asubuhi imeshasahaulika. Hata kama mwanao angelala njaa usiku ule angetapika. Ndiyo maana uliona nyongo: chakula kilikwisha tumboni, mwili ukaendelea kujikamua.

Kinachotokea ni hiki. Kemo inapozunguka mwilini huziumiza pia chembe za ukuta wa utumbo. Chembe hizo humwaga kemikali iitwayo serotonini, nayo huiamsha neva inayopanda kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Huko chini ya ubongo kuna sehemu ambayo kazi yake ni kutambua sumu na kuamuru itolewe. Haijui kwamba safari hii sumu yenyewe ndiyo tiba. Kwa hiyo mtoto anayetapika ni mtoto ambaye mwili wake unafanya kazi uliyoumbiwa, wala neno udhaifu halina nafasi hapa. Nakuomba usilitumie mbele yake. Mtoto wa miaka 9 anaelewa kila kitu.

Sasa yule jirani wa miaka 2. Jambo la kwanza la kuuliza ni kama kweli walikuwa na dawa moja. Chupa za dripu zinafanana, na watoto wawili wanaweza kutundikiwa siku moja, saa moja, wakapewa vitu tofauti kabisa. Wataalamu wamezipanga dawa za kemo katika makundi manne, kwa kuangalia ni watoto wangapi watakaotapika wasipopewa kinga. Kundi la juu ni la dawa zinazotapisha zaidi ya watoto 90 katika kila 100. Linalofuata ni kati ya 30 na 90, kisha kati ya 10 na 30, na la mwisho ni chini ya 10. Sisplatini, ambayo hutumika kwa saratani ya mifupa na ya ini, iko juu kabisa. Siklofosfamidi iko juu ikitolewa kwa kipimo kikubwa, na kwa kipimo kidogo hushuka hadi kundi la pili. Vinkristini iko chini kabisa, na mtoto anaweza kuchomwa vinkristini peke yake kisha akaomba soda. Tena dawa mbili zikiungana siku moja, kutapisha kunaweza kupanda kuliko kila moja ikiwa peke yake. Dawa na kipimo chake ndicho kitu cha kwanza kinachoamua nani atatapika, kinazidi vingine vyote kwa mbali. Kwa hiyo usiilinganishe hali ya mwanao na ya mtoto mwingine mpaka ujue majina ya dawa zao. Una haki ya kuuliza majina hayo na kuandikiwa.

Lakini tuseme dawa zilikuwa zilezile. Bado ningetegemea mwanao atapike zaidi, kwa sababu ya umri. Watu wengi hudhani mtoto akiwa mdogo zaidi ndivyo atakavyoteseka zaidi. Kwa kutapika mambo mara nyingi huenda kinyume: watoto wachanga na wa miaka miwili mitatu kwa kawaida hutapika kidogo kuliko wa umri wa kwenda shule, na wanaoingia ujana ndio hupata shida kubwa. Sehemu ya sababu iko mwilini, na sehemu iko akilini, maana mtoto wa miaka 9 anakumbuka. Anajua maana ya kanula, anajua chumba kile kinanuka nini, anahesabu siku. Kwa watu wazima tunajua kwamba wanawake hutapika kuliko wanaume. Kwa watoto, tafiti hazijakubaliana kama jinsia ina uzito, kwa hiyo mimi simpimi mtoto kwa hilo.

Hapo ndipo tunafika Kawempe. Naomba usome sehemu hii taratibu.

Kutapika kabla ya dawa kuingia ni aina yake ya peke yake, na huja baada ya mzunguko uliokwenda vibaya. Mwili umejifunza. Mzunguko wa kwanza ulimfundisha mwanao kwamba foleni ya magari ya barabara ya Bombo, na harufu ya Kampala asubuhi, humalizikia kwenye beseni. Safari ya pili mwili haukusubiri. Hajifanyi, wala hakatai shule kwa ujanja kama watoto wengine wanavyosingizia homa. Niliwahi kumuuguza msichana mwenye uvimbe wa figo aliyekuwa akipewa doksorubisini, dawa nyekundu kama sharubati. Alitapika vibaya mizunguko miwili ya mwanzo. Siku moja shangazi yake alimletea kinywaji chekundu kwenye chupa, kwa mapenzi tu. Mtoto aliiangalia ile chupa, akageuza uso ukutani, akatapika kabla kizibo hakijafunguliwa. Tangu siku hiyo tulifunika mfuko wake wa dawa kwa kitambaa cha kitenge, na mama yake akawa anakaa upande wa dripu ili asiuone mpira.

Chakula nacho hujifunzwa hivyohivyo. Mwaka 1978 huko Marekani ilichapishwa taarifa ya watoto waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya kemo. Walipopewa tena siku nyingine, wengi waliikataa. Kwa hiyo kile chakula mwanao anachokipenda kuliko vyote, iwe ni kuku wa nyumbani au chapati za mayai, usimpe siku ya dripu. Kitunze. Siku hiyo mpe kitu cha kawaida ambacho hata akikichukia baadaye haitakuwa hasara: uji mwepesi, ndizi moja, biskuti kavu. Kidogo kidogo, na kisiwe cha moto sana, kwa sababu mvuke hupandisha harufu.

Kwa hiyo kati ya mambo yanayotabiri kutapika kwa mtoto, baada ya dawa yenyewe, mimi huweka mbele kabisa swali hili: mzunguko uliopita ulikuwaje? Aliyetapika jana atatapika kesho kinga isipobadilishwa. Hili halimaanishi mtoto ameandikiwa mateso. Maana yake ni kwamba kinga ile haikumtosha, na daktari anatakiwa aongeze au abadilishe kabla ya mzunguko ujao. Tatizo ninaloliona kila mara ni kwamba daktari wa mzunguko wa tatu si yule wa mzunguko wa pili, faili limeandikwa "kemo imetolewa, mgonjwa yuko sawa", na mama anaogopa kuongea. Ya usiku ule hayakuandikwa na mtu.

Na safari yenyewe? Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na mtoto amekesha kwenye kiti. Mtu ambaye tangu zamani huchefukwa na gari yuko karibu zaidi na kutapika kwa kemo. Kwa watu wazima hilo ni dalili inayojulikana vizuri, na kwa watoto wakubwa mimi huliuliza kila mara. Kumbuka: kabla ya ugonjwa, mwanao alikuwa akitapika kwenye basi au taksi? Kama ndiyo, hilo ni la kumwambia daktari.

Kuna mengine madogo yanayoongeza uzito, nayapitia haraka. Choo kigumu huleta kichefuchefu chenyewe, na vinkristini hufunga choo, na ondansetroni tunayotoa kuzuia kutapika nayo hufunga choo, kwa hiyo uliza habari ya choo kila siku. Morfini ya maji, ile ambayo hospitali zetu huwapa wenye maumivu bila malipo, huweza kuchefua siku za mwanzo kisha mwili ukaizoea, nayo pia hufunga choo. Usiikatishe kwa sababu hiyo, sema tu. Sindano ya mgongoni yenye methotreksati hutapisha kwa kiasi chake, hasa kichwa kikianza kuuma baadaye. Na wapo watu ambao ini lao, kwa urithi tu, huivunja ondansetroni upesi mno kabla haijafanya kazi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dawa nyingine ya jamii hiyohiyo. Kumwongezea lawama hakumsaidii.

Sasa tufanye nini mzunguko wa tatu.

Chukua daftari la shule. Andika mzunguko wa kwanza na wa pili kadiri unavyokumbuka: dripu iliisha saa ngapi, alianza kutapika saa ngapi, mara ngapi, siku ngapi, alipewa nini cha kuzuia na kilikuwa kabla au baada. Andika na la Kawempe. Ukifika wodini, mpe sista au daktari daftari hilo kabla kanula haijawekwa. Useme hivi, bila kuomba radhi: "Mara mbili ametapika sana, na mara ya pili alianza kabla ya dawa. Naomba kinga yake iangaliwe upya leo." Maneno hayo machache yanafanya kazi kubwa, nimeona.

Kinga nzuri hutangulia. Ondansetroni inatakiwa iwe imeingia karibu nusu saa kabla ya dripu ya kemo, na kidonge hufanya kazi sawa na sindano kama mtoto anaweza kumeza. Kusubiri atapike ndipo apewe ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa wametoka. Kwa dawa za kundi la juu, ondansetroni peke yake mara nyingi haitoshi. Huunganishwa na deksamethasoni, na ikipatikana huongezwa aprepitanti, ambayo huzuia njia nyingine kwenye ubongo, ile inayotawala zaidi siku ya pili na kuendelea. Deksamethasoni ina masharti yake kwa baadhi ya saratani na baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari anayemjua mwanao. Kwa kutapika kunakoanza kabla ya dawa, daktari anaweza kumpa kidonge cha kumtuliza usiku wa kuamkia na asubuhi yake. Muulize hilo kwa jina: "kuna cha kumtuliza wasiwasi?" Na wewe mfanyie lako. Mkalishe kiti cha mbele kwenye basi, mpe kazi ya akili mnapokaribia jiji, hadithi, mafumbo, katuni kwenye simu, wimbo anaoupenda. Watoto wenye akili iliyoshughulishwa hutapika kidogo. Hilo limepimwa.

Uliza pia vidonge vya kurudi navyo nyumbani. Wengi huruhusiwa kesho yake, na kutapika kwa siku ya pili hadi ya tano huwakuta njiani au kijijini, pasipo na kitu. Akitapika kidonge ndani ya nusu saa tangu akimeze, piga simu wodini uulize kama kirudiwe.

Hapa nakukanya jambo moja. Usiende duka la dawa ukanunua cha kuzuia kutapika kwa kukisia. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na nusu ya kidonge cha mtu mzima siyo kipimo. Halafu kuna metoklopramidi, vidonge vya bei nafuu vinavyopatikana kila mahali. Kwa watoto hii huweza kushika misuli: shingo inapinda, ulimi unatoka, macho yanageukia juu yanabaki huko. Usiku mmoja nilimpokea bibi aliyembeba mjukuu wake katika hali hiyo. Alikuwa ameshafanyiwa maombi na kufukiziwa, kila mtu akiamini amepagawa. Tulimchoma sindano ya kuitegua dawa ile, na mtoto akamwangalia bibi yake akauliza mbona analia. Ukiona hivyo, ni dawa. Kimbia hospitali na ubebe pakiti uliyomlisha.

Mululuza, yale majani machungu, na majani mengine ya nyumbani, naomba yakae kando mpaka kemo iishe, maana baadhi hugombana na dawa na hakuna anayejua kipimo. Chai ya tangawizi isiyo kali haina shida kama mdomo hauna vidonda, ila haichukui nafasi ya ondansetroni.

Na si kila kutapika ni kwa kemo. Mtoto aliyepewa kemo bado anaumwa malaria kama watoto wengine, tena kwa hatari zaidi. Mrudishe hospitali haraka, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: joto la 38 au zaidi, damu kwenye matapishi au kwenye mkojo, kichwa kinachouma sana au shingo ngumu, usingizi usio wa kawaida, degedege, tumbo lililovimba na choo hakitoki, mkojo uliokauka nusu siku, au tumbo halishiki hata kijiko cha maji. Huyo asisubiri tarehe ya kadi.

Baba yake umwambie namwelewa. Kumshika mtoto kichwa usiku kucha huku anajikamua humvunja moyo mzazi yeyote. Lakini Burkitt ni saratani inayokua upesi kuliko karibu saratani zote, na kwa sababu hiyohiyo huyeyuka upesi kwa kemo ikipewa kwa wakati. Mtu aliyeieleza, Denis Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji hapahapa Kampala, hospitali ya Mulago, na aliandika habari zake mwaka 1958. Kituo kilichoanzishwa hapo mwaka 1967 kilisaidia kuionyesha dunia kwamba saratani hii inaweza kupona kwa dawa, na waliopona walikuwa watoto wa Uganda. Miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 wa kwenu West Nile walitolewa damu ili uhusiano wa ugonjwa huu na virusi ueleweke. Yote hayo hayafai kitu kwa mwanao kama akikaa nyumbani. Uvimbe wa taya ukipungua baada ya mizunguko miwili, macho yanaona umekwisha, kumbe chembe zimebaki, na zikirudi hurudi ngumu kuliko mwanzo. Kumpumzisha ni kuupumzisha uvimbe. Kama kuna sababu ya kuahirisha, mfano damu imeshuka, wodi itaipima na kusema yenyewe.

Jambo la mwisho, muulize mtoto mwenyewe. Kutapika tunakuona, kichefuchefu hatukioni, na kwa watoto wengi hicho cha pili ndicho kinachowatesa zaidi. Mchoree nyuso nne kwenye lile daftari, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, aweke kidole asubuhi na jioni. Uandike na tarehe pembeni.